Halua ya Ukili Mwekundu

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mwenyewe mapema kabla hajalisema mwingine. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba nikikasirika hata kuku wa jirani wanajua, wanahama ua. Haya, na iwe hivyo. Hasira ndiyo iliyonipandisha basi la Tanga mwaka ule, na bila ya hasira ningebaki Pangani nikilia jikoni kwangu.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Mwingereza angali yupo na mkonge ungali na bei yake. Mimi na mume wangu tulikuwa tukipika halua nyuma ya nyumba yetu, si mbali na kivuko. Tulipika sisi, lakini jina halikuwa letu. Halua ilikuwa ya mzee mmoja wa Tanga mjini, ambaye watu wa pwani yetu walimjua kwa kikapu chake. Kilikuwa kikapu kidogo cha ukindu chenye mfuniko, sawa na vya wapishi wenzake, ila kwenye ukingo wa mfuniko alishonea ukili mmoja, utepe wa ukindu uliosukwa, uliotiwa rangi nyekundu. Hapakuwa na haja ya kuandika kitu. Mwanamke akienda kununua halua ya harusi alikigeuza kikapu, akautafuta ule ukili, akiuona analipa. Harusi ikikosa halua hiyo watu walikula, wakashukuru, kisha wakasema njiani.

Kabla ya halua nilikuwa na mume wa mwisho wa mwezi. Alikuwa akikata mkonge katika shamba moja la mbali, analala kambini huko, anarudi nyumbani siku mbili tatu, viganja vimechanika, kisha anaondoka tena. Ndoa gani hiyo? Nilikuwa nikizungumza na mito. Katika safari zake alikuwa akipitia Tanga, na kila akipita aliniletea halua ya mzee yule, mpaka mzee akamzoea, wakawa wanazungumza. Mzee alikuwa na shida yake. Halua aliyoileta Pangani kwa basi ilifika samli imeganda juu, vumbi limeingia mfunikoni, na watu wa Pangani, tunavyojijua kwa midomo, tulikuwa tukiisema. Akataka mtu wa kuipika palepale Pangani, iliwe ya moto. Akamwona mume wangu.

Walipatana nyumbani kwa mzee, Tanga. Nami nilikuwapo. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake nyuma ya pazia, mimi na mke wa mzee, mkeka mmoja. Mzee alisema maneno machache. Atamfundisha mume wangu kupika, atampa sufuria yake kubwa ya shaba aitumie. Viungo vitatoka kwake, vimekwisha kusagwa, ndani ya mkebe, nasi tutavinunua kwake na si kwa mwingine. Tutashona ukili mwekundu. Na madhali tunapika alivyotufundisha, hakuna mtu mwingine atakayepewa ukili huo Pangani, upande wetu wa mto wala ng'ambo. Mume wangu akasema ameridhika. Hawakuandikiana kitu. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha, na sisi nyuma ya pazia tukainua mikono yetu, tukaitikia "Amin".

Wallahi miaka ile ilikuwa mizuri. Niiteje tena? Mume wangu alikuwa nyumbani. Asubuhi alikoroga wanga na sukari, akaanza kuusonga na mwiko mrefu, na halua haina mchezo, ukiacha kuisonga inashika chini. Mimi nilikuwa kwenye kuni, nipunguze, niongeze, huku tukigombana juu ya moto. "Mwingi huo!" "Mchache!" "Nani mpishi hapa?" "Nani mwenye kuni?" Halua ikianza kuachana na sufuria na samli ikichuruzika pembeni, alitia viungo vya kwenye mkebe, na hapo harufu ilikuwa ikivuka ua, ikaenda mpaka kivukoni. Watu waliokuwa wakingoja kuvuka walijua leo ni siku ya halua. Nilinenepa. Nilizaa. Nilimzoea mume wangu upya, na nilimkuta ni mtu wa kuchekesha, jambo ambalo ule mwisho wa mwezi haukuwahi kunionyesha.

Mzee alikuwa akija kuonja. Hakupiga hodi kwa kelele, utamkuta tu amekaa barazani na bakora yake. Anachukua kipande, anatafuna akitazama dari, sisi tumesimama kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Kisha anasema, "Inakwenda." Sifa yake ilikuwa hiyo, hakuwa na nyingine. Kuhusu viungo, vilisagwa na mkewe kwa mkono wake, na wala mzee mwenyewe hakujua vipimo. Zafarani iliyokuwamo kila mtu aliijua kwa rangi yake. Yaliyobaki ilikuwa siri ya yule mama, na siri ilikaa.

Kisha mzee akafariki. Tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, tukarudi Pangani na huzuni yetu. Mkebe tuliokuwa nao ukapungua, ukaisha. Mwezi ukaja bila mkebe mwingine. Mume wangu akaenda Tanga, akamkuta dukani mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia biashara, kwa sababu mjane alikuwa amekaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya kufiwa na mume, yumo ndani, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Mdogo wake marehemu akasema, "Bado." Mara ya pili akasema, "Yale yalikuwa maneno ya marehemu, kaka. Na marehemu ndiye huyo ametutoka. Tutaangalia."

Tutaangalia! Mume wangu alinieleza hayo kwa upole, naye kila jambo alilieleza kwa upole, mimi nikawa siambiliki. Na kama haikutosha, palikuwa na bwana mmoja ng'ambo ya mto mwenye lori, akaanza kujigamba kivukoni kwamba halua ya ukili mwekundu karibu itakuwa yake, ameshazungumza na wenyewe Tanga. Watu wakawa wananitazama kwa huruma. Nachukia kuhurumiwa kuliko ninavyochukia kutukanwa.

"Tusage viungo wenyewe," nikamwambia mume wangu. "Iliki tunayo, kungumanga tunayo. Zafarani tutanunua. Tushone ukili, nani atajua?"

"Tutapika," akasema. "Lakini ukili hatushoni."

"Basi tutamuuzia nani?"

"Atakayetaka."

"Wao wenyewe wametutupa, wewe bado unawalindia ukili wao?"

"Sijui kama wametutupa," akasema. "Najua tulisoma Fatiha."

Nilimwona mjinga, nikamwambia hivyo. Alicheka, akaendelea kusonga.

Tukapika halua yetu isiyo na ukili. Haikuwa mbaya, msinifanye niseme uongo. Lakini wanawake walikuja, wakageuza kikapu, wakautafuta ukili, hawakuuona, wakakiweka chini taratibu wasinivunje moyo. "Nitapita kesho, dada." Kesho hawakupita. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na baada yake Mfunguo Mosi na harusi zake, na waliokuwa wameniagizia walianza kuniuliza kwa kuzungukazunguka kama nitakuwa na "ile yenyewe". Mwenye lori naye akaanza kujengesha banda la jiko upande wa pili wa mto, tukiliona kutoka kwetu.

Nikavumilia mpaka siku moja mchana. Nilitoka jikoni nikamkuta mume wangu amechuchumaa uani, ana jiwe la kunolea, ananoa kisu chake cha mkonge. Kilikuwa kimekaa darini tangu tulipoanza halua. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Kinashika kutu tu." Hakunitazama. Nikaelewa kila kitu. Nilirudi ndani nikajifunika kanga usoni nikalia, kisha nikafuta uso, na nilipomaliza kufuta uso nilikuwa nimekasirika kiasi ambacho hata mimi mwenyewe nilijiogopa.

"Kesho nakwenda Tanga," nikamwambia. "Wewe huwezi kuingia kwa mjane. Mimi naweza. Nitamuuliza usoni."

"Ukamuulize kwa adabu."

"Nitajua nikifika."

Nyumba ya watu hatuiendei mikono mitupu, basi nikatafuta cha kuchukua. Hatukuwa na kitu ila halua. Nikatia kwenye kikapu kimoja, kisha nikasita. Kumpelekea mjane halua, na yeye ni mwenye halua? Na halua yenyewe ya kubahatisha hii? Mume wangu akasema, "Ndiyo tuliyo nayo, peleka." Nikaondoka nayo.

Njia nzima ya mkonge nilikuwa nikipanga maneno. Niliyapanga makali, moja baada ya jingine, kila basi likiruka shimo nilitia jingine. Nilipofika mjini nilikwenda moja kwa moja dukani. Mdogo wake marehemu akanikaribisha vizuri, ndiyo kwanza akaniudhi, maana nilitaka aanze yeye.

"Yule mwenye lori," nikasema, "mmempa Pangani?"

Akahangaika, akapanga vikapu ambavyo vilikuwa vimepangika. "Hatujampa, dada. Amekuja, tumezungumza. Mimi nitafanyaje? Mkebe hautoki ndani, hata sisi hapa tunakwangua wa zamani. Nikimwuliza shemeji yangu ananiambia subiri. Nami napata habari kutoka Pangani kwamba jiko lenu linafuka moshi kila siku. Nikasema, aa, basi wale wameshajua kusaga wenyewe, hawatuhitaji tena."

"Nani kakuambia?"

"Huyohuyo mwenye lori."

Maneno yangu yote niliyoyapanga kwenye basi yakanikwama. Nikamwambia, "Nipishe niingie ndani." Akanipisha.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amevaa nguo za eda, hana wanja, hana hina, hana hata kipini. Nikamshika mkono. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Hamjambo Pangani?" Tukasomeana dua ya marehemu, akafuta macho, nikafuta yangu. Ukweli ni kwamba nilimpenda mzee yule. Kisha mimi, nikiwa natafuta neno la kuanzia, nikasukuma kikapu mbele yake ili mikono yangu ipate kazi.

Akakichukua. Akakigeuza, kama walivyokigeuza wanawake wote wa Pangani. Kidole chake kikapita kwenye ukingo wa mfuniko, kikazunguka wote, kikarudi kilipoanzia. Akanitazama.

"Ukili uko wapi?"

"Hatukushona."

"Kwa nini?"

"Viungo si vyako," nikasema. "Mume wangu alikataa." Kisha hasira zikanipanda tena, nikasema yaliyobaki kwa haraka kabla adabu haijaniwahi. "Mama, kama mmetuacha, tuambieni. Mwenye lori anajenga jiko, shemeji yako anasema maneno yalikuwa ya marehemu, mkebe hauji, na mume wangu amekitoa kisu chake cha mkonge darini. Mnataka arudi kambini? Semeni basi!"

Lahaula! Kumpigia kelele mjane aliye edani. Nilidhani atanifukuza. Yeye akaweka kikapu chini, akashika kifua.

"Nani amekuacha? Mimi siwezi kusaga, mwanangu. Zafarani, marashi, vyote vile vinashika mikononi, vinakaa siku tatu. Nami nimo edani, nitakaaje nanukia? Nilimwambia shemeji asubiri. Nilidhani atawaambia."

"Hakutuambia kitu. Alisema bado."

"Atawaambiaje, na hakuuliza kwa nini? Na mimi nitamwambiaje mwanamume habari za mikono yangu?"

Tukatazamana. Kisha Mungu anisamehe, nikacheka. Kwanza nilijizuia, ikashindikana. Naye akaziba mdomo kwa ncha ya nguo, mabega yanamtikisika. Wanawake wawili tunacheka ndani ya nyumba ya eda, na kule dukani mdogo wake marehemu bila shaka anadhani tunalia. Wiki zote zile! Pangani tunasema wametutupa, Tanga wanasema tumewatupa, kumbe mwanamke mmoja ameogopa kunukia na shemeji yake ameona haya kumuuliza sababu.

Alipotulia akafunua kikapu, akachukua kipande cha halua, akakitafuna polepole akitazama dari, vilevile kama mumewe.

"Tamu," akasema. "Lakini siyo."

"Najua siyo."

"Eda yangu haijafika nusu. Nikingoja mpaka niimalize, Ramadhani itakuwa imepita, na harusi zenu pia." Akafikiri kidogo. "Mlango ule ufunge. Chini ya kitanda kuna jiwe la kusagia na sanduku la viungo. Vitoe uende navyo pale kizingitini, mbali na mimi. Utasaga wewe, mimi nitasema."

Nikakaa na lile jiwe pembeni. Hakuzaa binti. Siri ile hakumpa hata mumewe. "Mama," nikasema, "nikishajua, sitakuwa na haja ya mkebe wako. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Basi niapishe. Leta msahafu niape kwamba sitasaga kwa ajili yangu."

Akatikisa kichwa. "Mume wako alikaa wiki zote hizi na vikapu mkononi, na ukili anao, na mimi nimefungiwa ndani siwezi kumwona, na hakushona. Nikuapishe cha nini? Saga."

Nikasaga. Yeye alikaa mwisho wa chumba, amejiziba pua kwa nguo, anaongoza kwa mdomo na kidole. "Kile cheusi. Kidogo. Kidogo tena. Basi! Usikimbie, hukimbizwi. Sasa zafarani." Vilivyokuwamo sikwambii, hata ukinibembeleza vipi. Nitakwambia tu kwamba kimoja kilinishangaza, nikasema "Hiki?" naye akasema "Hicho," na hapo ndipo nilipojua kwa nini halua yetu haikuwa ile.

Nilipojaza mkebe aliniambia nimwitie shemeji yake, akazungumza naye kwa kupitia pazia. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kila neno nililisikia.

"Yale maneno ya Pangani umesema yalikuwa ya marehemu."

"Ndiyo, shemeji. Yeye ndiye aliyepatana."

"Siku waliposoma Fatiha, nyuma ya pazia hili tulikuwa wawili. Mimi na huyu. Tuliitikia Amin. Marehemu ametutoka. Sisi tupo."

Kisha mdogo wake marehemu akasema, "Sikujua, shemeji. Mwenye lori nitamwambia leo." Na hakuwa mtu mbaya, nimhesabie haki yake. Alinibebea mkebe mpaka kwenye basi, akautafutia mahali pazuri, akaniambia nimsalimie kaka na nimwambie amsamehe. Nilimwambia nitamsamehe mimi kwanza, kisha nitaona kama mume wangu ana haja. Akacheka.

Jioni nilipoingia uani, mume wangu alinusa kabla hajaniona. Mikono yangu, nguo yangu, hadi nywele, zafarani tupu. Akauliza, "Umeingia kwa mjane ukatoka unanukia hivyo?" Nikampa mkebe. Akaufungua, akaufunga, akaketi kwenye ngazi, mkebe mapajani. Kesho yake tulishona ukili mwekundu, mimi upande huu, yeye upande ule. Harusi za Mfunguo Mosi mwaka ule tulizipikia zote, na nilihakikisha kikapu kimoja kinavuka mto kwa yule bwana mwenye lori, bure, na salamu zangu. Kisu cha mkonge kikawa cha kupasulia kuni.

Mjane alipotoka eda, mikebe ikaanza kuja tena kwa basi kama zamani, nasi tukawa tunainunua kama zamani. Siku moja mume wangu alikuwa akiufungua mmoja mpya, akausogeza puani, akanigeukia. Nadhani swali lilikuwa limemkaa moyoni muda mrefu.

"Wewe," akasema, "vilivyomo humu si unavijua vyote?"

"Navijua."

"Jiwe la kusagia si tunalo?"

"Tunalo."

"Sasa mbona bado tunanunua kwake?"

"Kwa sababu hakuniapisha," nikamwambia.

Akamimina viungo sufuriani, akashika mwiko.